Shughuli ya Kuhitimu Kiingereza

Iliki ikitwangwa karibu na mahali wanapochanganya saruji, harufu inayotoka haifanani na nyingine yoyote ninayoijua. Kariakoo utaipata bila kuitafuta. Huku kuna mama anaandaa viungo vya pilau mlangoni kwake, na hatua kumi mbele mafundi wanamimina zege la ghorofa jingine tena. Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama Mtaa wa Mahiwa nikichagua vifungo vya gauni la mama, ile harufu ikanifikia, na kabla sijajizuia mdomo ukaanza wenyewe: give in, kusalimu amri, give up, kukata tamaa, give away, kugawa bure. Muuza vifungo akaniangalia kwa mashaka. Akasema, "Dada yangu, cha bure hapa hakuna."

Nilicheka peke yangu njia nzima hadi nyumbani. Nanyi nitawaeleza kwa nini, ila mniahidi hamtanicheka kabla sijafika mwisho.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimemaliza darasa la saba, nangoja matokeo. Tuliishi kwenye nyumba ya bibi yangu mzaa baba, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma na kibaraza cha saruji mbele. Baba alikuwa amefariki nikiwa mdogo. Chumba cha kwanza kulia kilikuwa chetu, mimi na mama, na cherehani ya mama ilikaa dirishani ili apate mwanga. Bibi alikaa chumba kilichotukabili. Aliniita mke mwenzangu, kwa utani wa bibi na mjukuu, na akikasirika aliniita Mwantumu, jina lote bila kulikata.

Sasa, ninyi mliosoma shule za Kiswahili mnaijua hofu ya kipindi kile. Miaka saba unasoma hesabu kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili, unajua usanisinuru na kizio, halafu unaambiwa kwamba ukiingia kidato cha kwanza vyote hivyo vimehama. Mbuzi si mbuzi tena. Mama aliogopa kuliko mimi. Akanipeleka tuisheni kwa Mwalimu Gadi.

Mwalimu Gadi alifundisha kwenye chumba juu ya duka la zipu na mapazia. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shati moja la bluu lililopigwa pasi hadi likang'aa mabegani. Alikuwa na imani moja kubwa: Kiingereza chote kimefichwa kwenye vitenzi vyake vya maneno mawili mawili. Ukivishika hivyo, alisema, umekishika Kiingereza masikioni kama sungura. Kila siku aliandika ishirini ubaoni kwa mpangilio wa alfabeti, kila kimoja na maana yake ya Kiswahili, nasi tulinakili kwenye madaftari yenye jedwali la kuzidisha nyuma.

Ndugu zangu, nilichanganyikiwa. Look nilikuwa naijua, ni kutazama. Lakini look after ni kutunza, look for ni kutafuta, look into ni kuchunguza, na look down on ni kudharau. Kijineno kidogo kama mbegu ya mchicha kinabadilishwa, na jambo zima linahama mtaa. Put nilijua ni kuweka, up nilijua ni juu, with nilijua ni pamoja na. Nikaviweka vyote juu pamoja, nikageuza huku na huku, na bado sikuona kuvumilia kumetokea wapi. Siku moja nikanyoosha mkono nikauliza. Mwalimu Gadi alinitazama kwa huruma, akafuta chaki kidoleni.

"Usiulize," akasema. "Kariri."

Hapo akawa amenifungulia mlango, maana kukariri ndiyo kazi niliyoiweza. Tangu miaka sita nilikuwa chuoni kwa Maalim, nyuma ya msikiti wa mtaani kwetu, nasoma Juzuu Amma na wenzangu arobaini kwenye mikeka, tunayumba mbele na nyuma, sauti moja. Hatukujua Kiarabu. Sura nzima tuliimeza neno kwa neno, na aliyeuliza maana aliambiwa maana itakuja na umri. Jambo hilo halikutusumbua hata kidogo. Basi nikadhani elimu yote ndivyo ilivyo, kwamba kwanza maneno yanakaa kifuani, halafu ukishakua, siku moja maana inabisha hodi.

Kila siku baada ya Alasiri nikawa natandika mkeka ukumbini, naweka daftari mapajani, naanza. Break down, kuharibika. Bring up, kulea. Call off, kufuta. Nilivisoma kwa sauti ileile ya chuoni, nikiyumba, nikivuta mwisho wa kila mstari. Wapangaji walipita na ndoo zao kwa adabu. Mzee mmoja aliyekuwa akipita nje alisimama dirishani, akasikiliza, akasema mashaallah, akaenda zake.

Bibi alikaa mlangoni kwake akichambua mchele na kunisikiliza. Hakuwahi kukanyaga shule. Alijua kusoma msahafu na alijua kuweka dole gumba, basi. Jioni aliniuliza kama alivyoniuliza zamani habari za juzuu, "Umefika wapi, mke mwenzangu?" Nami najibu nimefika kwenye look after. "Bado vingapi?" Nampa hesabu. Anatikisa kichwa, anapepeta mchele.

Mambo yangekwisha hivyo kama si Baba Mdogo Seif.

Huyu alikuwa mdogo wake baba, mwana wa mwisho wa Bibi aliyebaki. Alikuwa na duka la vipuri Gerezani, mtu wa maneno matamu na manukato mengi, na kila Ijumaa baada ya swala alikuja kula kwa mama yake. Ijumaa moja alikuja na bahasha ya kaki. Akaketi kwenye kibaraza, akaeleza kwamba amempata mtu, mtu mwenye uwezo, anayetaka kubomoa nyumba yetu ajenge ghorofa kumi. Bibi atapewa nyumba yake ghorofa ya nne, yenye vigae na maji ndani. Karatasi ziko tayari, kurasa kumi na mbili, zote za Kiingereza.

"Mama, wewe weka dole tu," akasema. "Mengine niachie mimi."

Mama alikuwa anasukuma chapati uani. Nilimwona ameacha kusukuma. Usiku wakati wa kulala aliniambia polepole kwamba nyumba ya ghorofa ya nne ni ya Bibi, na sisi hatukutajwa. "Mume wangu kafa. Nitadai kwa ulimi gani?" Alikuwa amekunja gauni la mteja na kulikunjua mara tatu. Nilielewa jambo moja tu, kwamba dole la Bibi likigusa wino, cherehani ile haina dirisha la kukaa.

Lakini Bibi hakugusa wino siku ile. Alisema, "Mwanangu, ngoja kidogo. Mjukuu wangu yuko masomoni. Akihitimu Kiingereza atanisomea, nami nitaweka dole nikijua ninachokiweka." Baba Mdogo akacheka, akanishika shavu. "Haya Tumu, harakisha basi. Nyumba inakungoja." Na bahasha akaiacha.

Tokea hapo nilisoma kwa wasiwasi. Sikuwa nasoma tena kwa ajili ya kidato cha kwanza, nilikuwa nasoma kwa ajili ya chumba chetu. Nilikariri mpaka ndotoni. Nilikuwa na imani kwamba nikifika kitenzi cha mwisho, pale kwenye work out, pazia litafunguka, nitazichukua zile karatasi nizisome kama ninavyosoma gazeti, na nitajua kama sisi tumo au hatumo.

Kuna jambo dogo lilitokea siku chache kabla sijamaliza. Wakati ule sikulitilia maanani hata kidogo. Bibi alitoka chumbani na kopo la maziwa ya unga, akanionyesha maandishi madogo ya Kiingereza ya nyuma. "Hebu nisomee hapa." Nikasoma kwa sauti nzuri, bila kukwama. Akaniuliza, "Yanasemaje?" Nikatazama. Kulikuwa na maneno kama mchanga. Moja nililitambua, lilikuwa kwenye daftari langu, lakini jirani zake wote walikuwa wageni. Nikaona haya. Nikasema, "Yanasema maziwa haya ni mazuri sana kwa afya, Bibi."

Bibi akalitazama kopo, akanitazama mimi. "Ala," akasema. "Ahsante." Akarudi nalo ndani.

Siku ya tatu nikamaliza. Vitenzi mia mbili na kumi, kuanzia juu hadi chini, bila daftari. Nikamwambia Bibi. Papo hapo akamwita mama kutoka cherehani na kutangaza kwamba Jumamosi kutakuwa na shughuli.

"Shughuli ya nini, Mama?" mama akauliza.

"Mtoto kahitimu."

"Kahitimu nini?"

"Kiingereza. Kwani hakuhifadhi? Alipohitimu juzuu tulipika pilau. Hiki si kisomo?"

Mama alirudi kwenye cherehani yake. Huwezi kubishana na mama mkwe juu ya pilau. Basi Ijumaa nzima iliki ikatwangwa kwetu, na kwa kuwa jirani wa kushoto alikuwa ameshauza na mafundi walikuwa wanamimina zege, tulikula vumbi la saruji na harufu ya viungo kwa pamoja. Wanawake wa mtaa walikuja kumenya vitunguu. Kila aliyeuliza shughuli ya nini aliambiwa, na kila aliyeambiwa alijibu hongera kwa uso wa mtu asiyejua ashike lipi. Hakuna aliyewahi kusikia kitu kama hicho toka Kariakoo iwe Kariakoo. Lakini pilau ni pilau.

Jumamosi baada ya Alasiri ukumbi ulijaa. Mimi nilivishwa gauni jeupe na mtandio, nikakalishwa kwenye mkeka mpya. Maalim wa chuo alikuja, akatabasamu ndevuni, akaomba dua ya elimu yenye manufaa. Mwalimu Gadi alikuja na shati lake la bluu. Baba Mdogo Seif alikuja mwisho, amenukia, akaketi karibu na mlango pamoja na wazee wawili wa mtaa.

Nikasoma. Wallahi, sikuwahi kusoma vile. Nilianza na break down nikateremka navyo vyote, carry out, kutekeleza, hand over, kukabidhi, pull down, kubomoa, run out of, kuishiwa. Kwa sauti ya chuoni, kwa pumzi ya chuoni. Watoto wenzangu walikuwa wametoa macho. Nilipofika work out wanawake wakapiga vigelegele hadi mafundi wa jirani wakasimamisha mashine yao kuchungulia. Mama alikuwa analia. Nami nilijiona nimefika.

Ndipo Bibi akaingiza mkono chini ya mkeka wake, akatoa ile bahasha ya kaki.

"Sasa, mke mwenzangu," akasema kwa sauti iliyosikika hadi barazani, "wazee wako hapa, Maalim yuko hapa, mwalimu wako yuko hapa. Tusomee hii, utuambie inasemaje."

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Nilisoma mistari minne mitano, na sauti yangu ilikuwa bado nzuri. Nikakutana na hand over, na moyo ukaruka kwa furaha, kama umemwona ndugu yako katikati ya umati wa Mnazi Mmoja. Kukabidhi! Mbele kidogo nikaiona pull down. Kubomoa! Lakini nani amkabidhi nani? Lini? Akikataa? Kati ya neno langu moja na jingine kulikuwa na maneno marefu yaliyosimama safu, na hakuna hata moja lililonipa njia. Nikarudi mwanzo. Nikasoma tena kimoyomoyo. Pazia halikufunguka.

"Yanasemaje?" Bibi akauliza.

Nilimtazama Mwalimu Gadi. Alikuwa anatafuta kitu kwenye sahani yake. Nilimtazama Baba Mdogo, naye akawa anafuta jasho shingoni. "Ah, mama," akasema, "huyo mtoto, unamtesa bure. Ni mambo ya kawaida tu hayo." Nikamtazama mama, nikaikumbuka cherehani na dirisha lake. Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema karatasi inasema mama na Mwantumu wapewe chumba, na nani angenibishia? Nililifikiria hilo, sitawadanganya. Lakini kopo la maziwa lilinijia machoni, na Maalim alikuwa ameketi pale, aliyetufundisha kwamba unachokisoma hukiongezei chako.

"Sijui, Bibi," nikasema.

"Neno gani hulijui?"

"Mengine nayajua. Sijui yanasema nini."

Nikaanza kulia mbele ya mtaa mzima, na gauni langu jeupe, na pilau yangu.

Bibi hakunibembeleza. Alichukua karatasi mikononi mwangu, akazilinganisha ncha, akazirudisha kwenye bahasha taratibu. Halafu akamgeukia mwanawe.

"Mwanangu Seif, umemsikia mwenyewe. Huyu kahitimu, sote tumeshuhudia, na hajui zinasemaje. Mimi sikusoma hata siku moja. Dole langu nitaliweka kwa elimu gani? Rudi nazo kwa wenyewe. Waziandike kwa Kiswahili, uje nazo hapahapa tuzisikilize sote, na Mama Tumu naye akae asikilize."

Mzee mmoja akasema, "Hapo hamna kosa." Maalim akasema, "Kuuliza si ujinga." Baba Mdogo akaipokea bahasha, na angefanya nini, mbele ya watu wale? Hakuna aliyemwambia hapana. Akala pilau yake akaondoka. Karatasi za Kiswahili hazikuja Ijumaa iliyofuata, wala nyingine yoyote.

Mngedhani nilifurahi. La hasha! Nilikuwa na aibu iliyonichoma masikio. Watoto wa mtaani wakaniita Mhitimu, na nikipita walikuwa wanayumba mbele na nyuma wakinong'ona. Siku tatu sikumpelekea Bibi chai. Sikuelewa kwa nini amenipamba, akaniitia watu, kisha akaniangusha mbele yao, na kilichonichanganya zaidi ni kwamba alikuwa na furaha. Alinikatia halua pande kubwa kuliko la Maalim. Nilipokataa akaniwekea mkononi kwa nguvu.

"Umenisaidia, mke mwenzangu."

Nilidhani ananikejeli. Niliila ile halua uani, mgongo nimempa, na ilikuwa tamu, jambo lililoniudhi.

Kiingereza kilikuja baadaye, polepole, hakikubisha hodi. Kidato cha pili nilikuwa nasoma hadithi ya mwanamke aliyekaa nyumba ya wakweze miaka mingi, nikapita juu ya put up with bila kusimama, bila kuitafutia Kiswahili. Nilimwona mama tu, anasukuma chapati, kimya. Nikafunga kitabu nikakaa nacho.

Bibi alifariki nikiwa chuo kikuu, na mpaka anafariki hatukuizungumzia siku ile. Niliachwa niiunganishe peke yangu, kipande kwa kipande. La kopo la maziwa ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote. Alijua! Siku kadhaa kabla ya shughuli alikuwa ameshajua kwamba sijui, na bado akapika. Mwana wa mwisho huwezi kumwambia hapana usoni kisha ukaendelea kula naye Ijumaa. Alihitaji mtu wa kusema sijui ambaye hakuna atakayegombana naye, na mashahidi wa kumsikia. Na kwa kuwa ningeweza kudanganya kama nilivyodanganya kwa maziwa, alikuwa ameweka chumba chetu na nyumba yake yote juu ya ulimi wa mtoto mwoga.

Nyumba ipo. Imebanwa na maghorofa kulia na kushoto, jua tunaliona saa sita tu, na mama amelazimika kuwasha taa ya cherehani mchana. Baba Mdogo Seif bado anakuja Ijumaa, sasa kwa mkongojo. Alikuja hii iliyopita na karatasi ya hospitali mfukoni, imekunjwa mara nne. Alikaa muda mrefu akizungumza habari za mpira kabla hajaitoa.

"Wewe ndiye uliyehitimu," akasema. "Hebu nisomee."

Nilimsomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na kila mstari nilimwuliza kama umeeleweka. Si ugonjwa wa kutisha, alhamdulillahi. Akaikunja tena karatasi. Akatazama ukuta wa ghorofa la jirani.

"Na zile za siku ile," akaniuliza, "hivi zilikuwa zinasema nini?"

Nikamtazama nisiamini. Miaka yote hii. Alizibeba chini ya kwapa, akamwambia mama yake aweke dole, mengine amwachie yeye, na kurasa zote kumi na mbili hakuzijua. Nikaona tena jasho lake shingoni, na Mwalimu Gadi na sahani yake, na ukumbi ule uliojaa watu wazima.

"Sijui, Baba Mdogo," nikamwambia.

"Mh," akasema, akacheka mpaka akakohoa. "Hata mimi. Ila mimi sikuthubutu kusema."